Siku moja ziwani bila beseni



Tangu turudi kutoka matembezi ya siku ya posho iliyopita, maswali hayaishi. Vikundi vya mitaa mingine vinataka kujua: mlikwenda wapi, mlilipa ngapi, mlikula nini, watoto walirudi wote? Na baba mmoja ametuuliza kwa kinywa cha mke wake kama chama cha wamama kimegeuka kuwa chama cha kutembea. Tutajibu kadiri ya nafasi tuliyo nayo, na tuanze na huyo baba, kwa sababu swali lake tulikwisha kuulizana sisi wenyewe.

Mwezi wa pili, wazo lilipotolewa mkutanoni, karibu nusu ya wanachama walilipinga. Walisema wazi: franka 1 000 kila juma, kwa majuma kumi, ni franka 10 000, na mwenye watoto watano masomoni anajua franka 10 000 ni nini. Hakuna aliyewacheka. Tulikubaliana kwamba pesa ya likelemba isiguswe hata kidogo, na kwamba mama asiye na franka atoe kitu kingine: unga, mafuta ya mawese, makala, au mikono yake siku ya kupika. Mwishoni tulikuwa wamama 31 na watoto 74, na sita kati ya hao wamama hawakutoa pesa yoyote.

Lakini si hesabu iliyowageuza waliopinga. Ni mama mmoja mzee wa chama, ambaye kwa kawaida hasemi sana. Aliomba kila mmoja aseme mara ya mwisho alipokwenda ziwani alikuwa amebeba nini. Tukazunguka chumba kizima. Huyu alibeba bido. Yule alibeba beseni la vyombo. Mwingine nguo za mtoto mchanga. Wawili walikwenda alfajiri kungoja mitumbwi ili wanunue ndakala za kuuza. Mmoja alikwenda kumtafuta mume wake, tukacheka sana. Hakuna hata mmoja aliyekwenda mikono mitupu.

Sisi ni watu wa Kalemie. Ziwa liko mbele ya macho yetu kila siku tukifungua mlango. Wageni wakitoka mbali husimama kulitazama, na sisi tunapita tumeinama na mzigo kichwani. Na si sisi tu. Tazameni watoto wetu: mvulana akitoka masomoni anavua shati na kuruka majini na wenzake, akifika miaka minane au tisa anaogelea kama bata. Dada yake ana miaka kumi na minne, amekwenda ziwani mara nyingi kuliko yeye, kila asubuhi na kila jioni, na hajawahi kutia kichwa ndani ya maji. Yeye anayetumwa kuchota ndiye asiyejua kuogelea. Siku bido litakapomponyoka na kuelea, ataingia kulifuata, na sote tunajua visa vya namna hiyo katika mitaa yetu.

Tanganyika si kisima. Lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake kinafika metro 1 470 mahali palipo pa chini zaidi. Katika dunia nzima ni ziwa la Baikal la Urusi peke yake linalolipita kwa kina. Tunaligawana na Tanzania, Burundi na Zambia, na sehemu kubwa yake ni ya nchi yetu na ya Tanzania. Mahali pengi mchanga unateremka polepole kwa hatua chache tu, halafu chini panakatika ghafla. Mtu mzima anashtuka na kurudi. Mtoto hana pa kurudia.

Kwa hiyo, baba uliyeuliza, jibu letu ni hili: tulikwenda kupumzika, ndiyo, na hatuoni haya kulisema. Lakini tulikwenda pia ili mabinti zetu wazoee maji wanayotumwa kila siku.

Sasa, tulikwenda wapi? Jina la mahali hatutaliandika. Ni kijiji kimoja kaskazini ya mji, mwendo wa saa mbili kwa kamiyo, pamoja na kusimama mara mbili kwa sababu ya watoto waliotapika. Wenyeji walitupokea vizuri, lakini shefu wa kijiji alituomba tusipatangaze, kwa kuwa anaogopa watu watakaokuja na mashoka kuliko anavyofurahia wageni. Tutaeleza kwa nini.

Kwenye pwani nyingi za karibu na mji, ukitoka kwenye mchanga unaingia moja kwa moja kwenye nyumba, au kwenye udongo mtupu ulioungua jua. Pale ni tofauti. Kijito kinashuka kutoka mlimani, na pande zake mbili umebaki msitu wa miti ya kale: mikuyu mikubwa ambayo watoto wanne wakishikana mikono hawaizungushi, michikichi, miembe iliyopandwa zamani, na mizabibu ya porini inayoning'inia hadi chini. Msitu unashuka hadi mchangani. Unatoka kwenye maji, unatembea hatua ishirini, uko kivulini. Kwa mama mwenye mtoto mchanga mgongoni, hatua hizo ishirini ndizo siku yenyewe. Bila kivuli, saa nne asubuhi angekwisha kuomba kurudi nyumbani.

Wamama wa kijiji ndio walioulinda msitu ule, tukasikia. Wao wanakausha samaki kwa moshi, na kuni ziko karibu, kwa hiyo kishawishi kipo kila siku. Wamejiwekea kanuni: kuni zilizoanguka zinaokotwa, mti uliosimama haukatwi, na anayetaka kuchoma makala aende mbali na kijito. Mwenyekiti wao alituonyesha sababu badala ya kuhubiri. Alitupeleka kwenye kijito cha pili, mwendo wa dakika kumi, ambako miti iliisha kitambo. Maji yalikuwa mekundu kama chai ya maziwa, na mahali kinapoingia ziwani mawe yote yamefunikwa na matope. Kwenye matope hayo, alisema, samaki wadogo hawazai tena, na wanaume wanapiga kasia mbali zaidi kuliko baba zao. Tuliporudi kwenye kijito cha kwanza, tuliona miguu yetu ndani ya maji.

Watoto walitaka nyani. Waliona tumbili watano au sita juu ya mkuyu, wakiwatupia maganda, na ikatosha. Waliona pia yule tai wa kichwa cheupe anayevua samaki, na sauti yake iliwanyamazisha wote kwa dakika moja, jambo ambalo hatujawahi kulipata kwa njia nyingine. Tuliwaambia kwamba wakifuata ziwa kuelekea kaskazini zaidi watafika kwenye msitu wa Kabobo, unaopanda kutoka karibu na ziwa hadi milima yenye metro zaidi ya 2 000, na ambao tangu mwaka 2016 umewekwa kuwa hifadhi. Kuna sokwe kule, na kuna ndege mdogo aliyepewa jina la mlima huo kwa kuwa ni kwake. Watoto wetu wanawajua simba wa vitabuni ambao hawatawaona. Ni haki yao kujua pia kilicho jirani.

Tufike kwenye maji, maana hapa ndipo wengi wenu mnaogopa, na mna haki.

Kabla mtoto yeyote hajavua viatu, tuliwauliza wavuvi. Swali la kwanza: kiboko na mamba. Walituambia tusiikaribie midomo ya kijito penye matete, tukae upande wa mchanga ulio wazi, na tuondoke kabla ya jioni, kwa sababu kiboko hutoka majini jua likizama kwenda kula majani, na mtu akisimama kati yake na maji hana bahati. Upande wa wazi, penye mawimbi, ni bora pia kwa sababu nyingine: konokono wanaoleta bilarziozi hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Na maji ya kunywa tulibeba kutoka nyumbani, yaliyochemshwa, bido nne. Mji wetu umezikwa watu wengi mno kwa kipindupindu hata mtu anywe maji ya ziwa kwa sababu tu yanaonekana safi.

Vijana wawili wa kijiji wakapima kina kwa fimbo, wakasimika nguzo mbili na kufunga kamba katikati. Ndani ya kamba maji yalifika tumboni kwa mtoto wa miaka kumi. Nje ya kamba hakuna kwenda.

Halafu walinzi. Wamama wanne kwa zamu ya nusu saa, kila mmoja amefunga kitambaa chekundu kichwani ili watoto na wamama wengine wamjue. Mwenye kitambaa chekundu haketi, hashiki simu, hasuki nywele, hapigi mazungumzo. Anahesabu vichwa. Zamu ikiisha anamvika mwenzake kitambaa kwa mkono wake, hamwachii juu ya mchanga. Wengine waliona tunazidisha. Lakini mahali penye wamama thelathini, kila mmoja hudhani mwenzake anatazama, na ndivyo mtoto anavyopotea mbele ya macho ya watu wengi.

Mithali inasema mfa maji haachi kutapatapa. Wamama, mtoto mdogo hatapitapi. Hapigi kelele, hapungi mkono. Kinywa kinapanda na kushuka kwenye uso wa maji, macho yamekaza, halafu hayupo, na yote hayo ni muda wa kugeuza samaki kwenye mbabula. Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu kwamba mwaka 2021 watu kama 300 000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofika miaka mitano.

Kwenye kila nguzo tulifunga bido tupu la njano lenye kifuniko kilichokazwa, na kamba ndefu. Bido tupu linaelea na linamshikilia hata mtu mzima. Asiyejua kuogelea asiruke kumfuata anayezama, atakufa naye. Arushe bido, avute kamba. Na mtoto aliyetolewa majini hapumui, asining'inizwe kichwa chini wala kubinywa tumbo, kama tunavyoona watu wakifanya. Alazwe chali mahali pagumu, apuliziwe pumzi kinywani mara tano, kifua kikandamizwe, apuliziwe tena, bila kuacha, na wengine watafute njia ya kumfikisha hospitalini. Muuguzi mmoja kati yetu alitufundisha jambo hilo kazi tano jioni, kabla ya safari, kwa kutumia mto wa kulalia. Atalirudia kwa kikundi chochote kitakachoomba.

Mara moja tu ilibidi kuvuta. Mvulana wa miaka sita alipita chini ya kamba akifuata mpira wa matambara. Mwenye kitambaa alihesabu, akakosa kichwa kimoja, akamwona. Mtoto alishika bido, akavutwa, akapigwa kofi moja na kukumbatiwa na mama yake kwa wakati mmoja. Hakumeza hata maji mengi.

Jambo lililotuchukua muda kuliko yote ni mabinti. Tulikuwa na wasichana 19 wa miaka kumi hadi kumi na sita, na saa tatu asubuhi karibu wote walikuwa wameketi kwenye vyungu, wakimenya vitunguu, kana kwamba hatukutoka nyumbani. Mama mmoja alisema binti yake hataingia, ni mkubwa sasa, nguo zikilowa zinamshika mwili na vijana wanatazama. Hatukuona kwamba anasema upuuzi. Tulichofanya ni kuwapeleka wavulana wote msituni kucheza mpira chini ya miembe kwa saa mbili, na baba wawili waliotusindikiza wakaenda nao kama walinzi. Upande wa pili wa miamba ukabaki wa wanawake peke yao. Tukawapa wasichana kaputula na mashati mafupi. Kitenge hapana: kikilowa kinajifunga miguuni na kumvuta mtu chini, hata anayejua kuogelea.

Wawili wa chama, waliokulia vijiji vya wavuvi upande wa Moba, ndio walikuwa walimu. Hawakuanza na kuogelea, walianza na kuelea. Binti analala chali, masikio ndani ya maji, tumbo juu, mkono wa mama chini ya mgongo. Anapumua polepole. Mkono unaondoka bila kuambiwa. Mara ya kwanza wote walizama wakipiga kelele. Kufikia saa sita, kumi na mmoja kati ya 19 waliweza kuelea peke yao huku tunahesabu hadi ishirini. Yule mama aliyekataa alikuwa amesimama maji magotini kwa muda mrefu, mikono kifuani. Hakusema kitu. Baadaye alimwita binti yake kutoka kwenye vyungu, akaketi yeye kumenya vitunguu.

Chakula kilikuwa bukari, sombe, na mikebuka iliyonunuliwa mtumbwini ikiwa bado inang'aa. Tunapendekeza kwa atakayekwenda: msipike zaidi ya vitu vitatu. Kuna wamama waliokuja wamejiandaa kukaanga mandazi na kupika wali na maharage juu yake, na bila mama prezida kuwanyang'anya sufuria wangeumaliza mchana wote motoni. Tulipokezana kupika kama tulivyopokezana kulinda, na asiye na zamu alikatazwa kusaidia. Hiyo ndiyo kanuni iliyovunjwa mara nyingi zaidi.

Baada ya kula, wadogo walilala mikekani na wakubwa wakaenda kwenye miamba kutazama samaki. Ziwa hili lina aina zaidi ya mia mbili za samaki wasiopatikana popote pengine duniani, na wengi ni wadogo wa kidole, wenye mistari na rangi, wanaoonekana wazi ukiinama tu. Mvuvi mmoja mzee aliwaeleza watoto kwamba katika aina nyingi za samaki hao mama hubeba mayai kinywani hadi yaanguliwe, na watoto wakiona hatari hurudi mbio kinywani mwa mama. Na wakati huo wote mama hula kidogo sana au hali kabisa. Wamama waliosikia walitazamana, mmoja akasema, basi hata chini ya maji ni yale yale. Kuna wengine wanaoishi ndani ya maganda matupu ya konokono chini ya ziwa, kwa hiyo tuliwaambia watoto wachukue maganda yaliyotupwa juu mchangani tu, yaliyo majini wayaache, yana wenyewe.

Mtoto mmoja aliuliza maji haya yanakwenda wapi. Swali zuri, na watu wazima wengi hawakujua. Yanatoka kwa mlango mmoja tu, nao uko mjini kwetu: mto Lukuga. Kutoka hapo yanakwenda Lualaba, yanakuwa mto Kongo, yanapita Kisangani na Kinshasa, na kuingia bahari ya Atlantiki karibu na Muanda, ambako nchi yetu ina kipande chake kidogo cha pwani, kilometa 40 hivi, chenye mchanga na misitu ya mikoko. Wachache wetu tutafika Muanda. Maji yetu yanafika.

Tuliona pia kitu cha kusikitisha. Kati ya mchanga na miti ya kwanza kuna michikichi kadhaa iliyokufa ikiwa imesimama, mashina yake meupe. Ni alama za ziwa lilipopanda. Hapa Kalemie hakuna haja ya kueleza miaka ya 2021 na 2024. Kati ya wamama 31 waliokwenda, wanne wanakaa hadi leo kwa ndugu kwa sababu nyumba zao ziliingia majini. Mmoja wao hakutaka kuja kabisa. Alisema ziwa limemla nyumba, hataki kulichekea. Alikuja kwa ajili ya wajukuu, akaketi chini ya mkuyu, mgongo kwa maji, hadi mchana. Hatukumsumbua.

Saa nane, wakati tulipohesabu, tulikuta wamama kumi na wawili wamelala usingizi kivulini, wengine vinywa wazi. Mmoja wao ana watoto saba na anauza mikate tangu saa kumi na moja asubuhi. Aliamka saa tisa, akauliza nani anawatazama watoto wake, akaonyeshwa kitambaa chekundu, akalala tena.

Saa kumi tuliondoka, kabla ya kiboko. Tulihesabu watoto mara tatu: mchangani, kwenye kamiyo, na tulipofika. Wote 74.

Kwa vikundi vinavyotaka kufanya vivyo hivyo: kamba zetu, nguzo, na vitambaa vinne vyekundu viko kwa mama mweka hazina, mtaazimwa bure. Bido tafuteni zenu, na hakikisheni kifuniko kinakaza. Kiangazi upepo wa kusini unapovuma kwa nguvu, ulizeni wavuvi kwanza. Wakisema leo hapana, chakula kiliwe nyumbani. Na wasichana wanane waliobaki bila kuelea wanaombwa kufika kazi tano ijayo, saa tisa, kwenye pwani ya karibu na mji. Waje na kaputula. Mabeseni yabaki nyumbani.